Kindelán wa Palma Soriano: Hesabu ya Mtu Aliyebaki

Kila taifa lina namba zake. Ukimtajia Mtanzania wa rika langu mwaka 1974 na mji wa Christchurch, hahitaji maelezo zaidi. Atakuambia papo hapo kuwa ndiko Filbert Bayi alikovunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500. Wakenya nao wana Mexico ya mwaka 1968 na Kipchoge Keino wao. Kwa Wakuba namba ni 487. Hiyo ni idadi ya mapigo ya kuvuka ukuta aliyoyapiga Orestes Kindelán katika ligi ya taifa ya besiboli, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi mwaka 2002, na hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia katika ligi hiyo hadi leo ninapoandika.

Sikuchagua kuandika juu ya mtu huyu kwa kuwa mimi ni bingwa wa mchezo wake. Nimefanya kazi ya ualimu maisha yangu yote, na miaka ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa vijana, kisha kuwaaga wanapokwenda kwenye vituo walivyopangiwa. Katika kazi hiyo swali moja halikuniacha: yule anayebaki alipopangwa, akaifanya kazi yake vizuri mpaka nywele zikaingia mvi, tumpime kwa kipimo gani? Na yule aliyefunga mizigo akaenda kutafuta maisha kwingine, je, tumlaumu? Maisha ya Kindelán yananipa mahali pazuri pa kulitafakari swali hilo, maana kwake yeye halikuwa la nadharia. Lilikuwa na bei, tena bei inayohesabika kwa dola.

Sisi wa rika langu tuliijua Kuba kwa siasa. Tulisikia habari za Che Guevara, aliyejificha Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 1965 baada ya jaribio lake la Kongo kushindwa. Tulimwona au tulimsikia redioni Fidel Castro alipoitembelea nchi yetu Machi 1977. Lakini mchezo wanaoupenda Wakuba kuliko yote hatukuujua, na hivyo hatukuijua nusu ya Kuba yenyewe. Kwa faida ya msomaji asiyeujua, nieleze kwa ufupi. Mrushaji huurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu na kwa hila. Mpigaji husimama na rungu lake akijaribu kuupiga, na akiupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne ili aingize alama. Waliosoma shule za zamani watakumbuka ule mchezo wa kupiga mpira kwa kibao na kukimbia vituo. Huu ni ndugu yake aliyekwenda mbali zaidi. Pigo kubwa kuliko yote ni lile linaloupeleka mpira juu ya ukuta wa uwanja. Hapo hakuna wa kuudaka wala kuurudisha. Mpigaji huzunguka vituo vyote kwa raha zake, na wenzake waliokuwa wakingoja vituoni huingia pamoja naye. Hilo ndilo ninaloliita pigo la kuvuka ukuta.

Mchezo huu haukuletwa Kuba na watawala. Ulifika katika miaka ya 1860 pamoja na vijana wa Kikuba waliopelekwa kusoma Marekani, ambao walirudi na rungu na mpira mikobani mwao. Wahispania, waliokuwa wakikitawala kisiwa, walikuwa na mchezo wao wa kupigana na fahali. Vijana wakauacha ule wa fahali wakaufuata huu mpya, na watawala wakaanza kuutazama kwa jicho la shaka, hata wakafikia kuupiga marufuku. Haikuwa shaka ya bure. Emilio Sabourín, mmoja wa waasisi wa ligi ya mwaka 1878, alikamatwa kwa kuunga mkono vita vya uhuru, akapelekwa gereza la Ceuta kule Afrika ya Kaskazini, akafia humo mwaka 1897. Kwa hiyo, tangu asili yake, besiboli kwa Wakuba ilikuwa njia ya kusema, ‘Sisi si Wahispania.’ Mtu asiyeelewa jambo hili hawezi kuelewa kwa nini baadaye kumshinda Mmarekani katika mchezo huu kulipokewa kama ushindi wa vita.

Lipo jambo la pili la kukumbuka, nalo ni rangi. Utumwa ulifutwa Kuba mwaka 1886 tu. Katika ligi kuu za Marekani mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza hadi mwaka 1947, Jackie Robinson alipoingia Brooklyn. Kabla ya hapo Wakuba weupe wachache walipita mlangoni, ilhali Martín Dihigo, aliyezaliwa mwaka 1906 katika mkoa wa Matanzas na aliyeweza kurusha, kupiga na kudaka kwa ustadi ule ule, hakuruhusiwa hata kuchungulia. Alicheza Kuba, Mexico na katika ligi za weusi za Marekani. Mwaka 1977, miaka sita baada ya kufa kwake, Wamarekani walimwingiza katika Jumba lao la Heshima. Heshima ikija baada ya mazishi si haba, lakini aliyezikwa hailipwi.

Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1959. Mwaka 1961 serikali ya Castro ilianzisha taasisi ya michezo ya taifa, ikaufuta mchezo wa kulipwa, na Januari 1962 ligi mpya ikaanza kwa timu nne tu. Mchezaji sasa alikuwa mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine. Aliandikwa katika timu ya mkoa aliokozaliwa na kukaa humo. Hakuuzwa wala hakununuliwa. Mwaka huo huo wa 1962 Marekani iliifungia Kuba biashara, na njia ya baharini waliyopita wachezaji kwa karibu miaka 100 ikafungwa pande zote mbili. Kuanzia hapo, Mkuba aliyetaka kucheza Marekani alitakiwa kuiacha nchi yake bila kujua kama ataruhusiwa kurudi.

Ndani ya ukuta huo ndimo alimozaliwa Orestes Kindelán, tarehe 1 Novemba 1964, katika mji wa Palma Soriano, mkoa wa Santiago, mashariki ya kisiwa. Mashariki ya Kuba ndiko kwenye weusi wengi, ndiko kwenye ngoma, na ndiko maasi mengi ya nchi hiyo yalikoanzia. Uwanja alioutumikia unaitwa Guillermón Moncada, kwa jina la jemadari mweusi wa vita vya uhuru ambaye kwa kazi yake alikuwa seremala. Timu yake huitwa Nyigu. Naye mwenyewe watu wa Santiago walimpa jina la Ngoma Kuu, na asiyejua uzito wa ngoma katika mji ule atadhani ni utani tu. Mwenye kujua ataelewa kwamba walimpa cheo.

Alianza akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Ni kazi ya magoti na subira. Baadaye alihamishiwa nje ya uwanja, kisha kituo cha kwanza, na mwishoni kazi yake ikawa kupiga tu. Kila walipomhamisha, rungu lilikwenda naye. Kwa misimu ipatayo 20 aliipigia Santiago mapigo 487 ya kuvuka ukuta na kuingiza alama 1,511, na hesabu zote mbili zilikuwa za juu kuliko za mchezaji yeyote kabla yake katika ligi ile. Wastani wake ulikuwa mapigo mazuri 313 katika kila mara 1,000 za kusimama na rungu. Wanaomfuata kwa mapigo ya kuvuka ukuta ni Lázaro Junco wa Matanzas mwenye 405 na Omar Linares wa Pinar del Río mwenye 404. Tofauti ya mapigo 80 na zaidi si tofauti ya bahati.

Hapa mwalimu wa hesabu aliye ndani yangu ananivuta shati, naye anastahili kusikilizwa. Namba bila mazingira yake ni kama alama za mtihani usiojulikana maswali yake. Kwanza, kati ya mwaka 1977 na 1999 Wakuba walipiga kwa marungu ya alumini, si ya mbao. Alumini huurusha mpira mbali zaidi, na huusamehe mkono uliokosea kidogo. Sehemu kubwa ya mapigo ya Kindelán ilipigwa kwa rungu hilo. Pili, warushaji wa Kuba walikuwa wa viwango mbalimbali. Wapo waliokuwa bora duniani, na wapo waliojaza nafasi. Asiyetaja mambo haya hamtendei haki hata Kindelán mwenyewe, kwa sababu sifa ya kupita kiasi humwalika mpinzani aje kuibomoa.

Lakini mizani ina upande wa pili. Msimu wa Marekani una michezo 162. Kuba katika miaka ya 1980 walicheza ligi ya taifa, kisha ligi ya pili ya wateule, na hata ukijumlisha zote mbili hufikii idadi hiyo. Tufanye hesabu ndogo. Hank Aaron alipiga mapigo 755 ya kuvuka ukuta katika misimu 23, akisimama na rungu mara 12,364. Yaani pigo moja katika kila mara 16 hivi. Kindelán alisimama mara zipatazo 6,500, akapiga 487. Yaani pigo moja katika kila mara 13 hivi. Sisemi kwamba Kindelán alikuwa bora kuliko Aaron. Aaron alitumia mbao, mbele ya warushaji wakali kuliko wote duniani, na alipoikaribia rekodi ya Babe Ruth alikuwa akipokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa sababu ya rangi yake. Ninasema tu kwamba mtu aliyepewa nusu ya nafasi, akajaza kiasi kile, si mtu wa kupuuzwa kwa neno moja la ‘alumini’.

Na ilikuja siku ambayo watu hawa wawili walikutana, ingawa si ana kwa ana. Tarehe 8 Aprili 1974 Aaron aliivunja rekodi ya Ruth katika uwanja wa Atlanta-Fulton County, jimbo la Georgia. Miaka 22 baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya 1996, Kuba ilicheza katika uwanja huo huo. Walishinda michezo yote tisa, na katika michezo hiyo tisa Kindelán alipiga mapigo tisa ya kuvuka ukuta. Mpira wake mmoja ulipaa hadi kwenye viti vya juu, mahali ambapo mipira haifiki, ukakadiriwa kusafiri futi 521, yaani karibu mita 159. Chukua uwanja wa kandanda, simama kwenye goli moja, vuka goli la pili, endelea hatua nyingine 50 au zaidi. Huko ndiko ulikotua. Fainali ilikuwa tarehe 2 Agosti 1996. Japani waliisawazisha katikati ya mchezo, lakini Linares akapiga mapigo matatu ya kuvuka ukuta siku hiyo moja, na Kuba ikashinda 13 kwa 9. Ilikuwa dhahabu yao ya pili mfululizo, baada ya ile ya Barcelona ya mwaka 1992. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 2 Agosti 1997, uwanja ule ulilipuliwa kwa baruti na kuwa maegesho ya magari.

Ushindi ule wa Atlanta tusiutazame kwa medali tu. Tuutazame na kile kilichokuwa nje ya mlango. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umevunjika mwaka 1991, na misaada iliyokuwa ikiibeba Kuba ikakatika. Yakaja yale ambayo serikali yao iliyaita ‘kipindi maalumu’: umeme wa kukatika, mabasi yasiyo na mafuta, chakula cha kupima. Sisi tuliopitia foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunaweza kuyawaza mambo hayo bila kueleweshwa sana. Mwaka huo huo wa 1991 mrushaji René Arocha alibaki Marekani timu yake ilipokuwa ikirudi nyumbani. Liván Hernández akaondoka mwaka 1995. Siku chache tu kabla ya Olimpiki ile ya Atlanta, timu ikiwa tayari Georgia, mrushaji Rolando Arrojo naye akatoweka. Kaka yake Liván, Orlando Hernández, alifungiwa kucheza kwa kushukiwa, akaondoka kwa mashua mwishoni mwa mwaka 1997, na mwaka uliofuata New York Yankees walimpa mkataba wa dola milioni 6.6. Kwa mshahara wa mchezaji wa Kuba, fedha hizo zisingepatikana hata kama angefanya kazi tangu siku za Nuhu.

Kindelán aliyaona haya yote. Alikuwa na umri wa miaka 31 pale Atlanta, nguvu zake zikiwa timamu, mpira wake ukiwa umetua mahali ambapo watafuta vipaji hawana haja ya darubini. Mlango wa hoteli ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo. Alipanda ndege pamoja na wenzake akarudi Santiago.

Watu hutofautiana sana katika kulieleza tendo hilo. Wapo wasemao ni uzalendo safi, na serikali ya Kuba ilipenda kusema hivyo. Wapo wasemao ni woga, au ni kutojua thamani yake mwenyewe, au ni kuwaogopea ndugu ambao wangebaki nyuma na kuulizwa maswali. Mimi sina haki ya kuingia moyoni mwa mtu. Lakini nimeishi na watu waliobaki, na ninajua kwamba sababu zao aghalabu si moja. Miongoni mwa wanachuo niliowaaga yupo mmoja aliyepangiwa shule ng'ambo ya mto, mahali ambapo wakati wa masika posta haifiki kwa wiki kadhaa. Wenzake wa darasa walihama mmoja mmoja: huyu kaenda mjini kwenye biashara, yule kaenda Botswana ambako mwalimu alilipwa mara nyingi zaidi ya kwetu. Yeye alikaa palepale miaka 31. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Alifikiri kidogo, akasema, ‘Mwalimu, kila mwaka nilikuwa na darasa la saba.’ Hakutaja taifa, wala wito, wala mimi chuo kilichomfundisha. Alikuwa na kazi iliyoanzwa, na kila ilipokwisha nyingine ilikuwa imekwisha kuanza.

Naona wivu kidogo kwa jibu lile, na huwa nalikumbuka ninaposoma habari za Kindelán. Mtu aliyezaliwa Palma Soriano, akacheza na Antonio Pacheco wa mji ule ule mdogo tangu ujana wao, akavaa jezi moja kwa misimu 20, huenda hakuwa akijibu hoja ya mtu yeyote. Huenda alikuwa na msimu mwingine unaoanza. Pacheco, nahodha wa timu, aliweka rekodi yake mwenyewe ya mapigo mazuri 2,356. Fikiria, msomaji: mji mmoja, wa watu wasiofahamika nje ya mkoa wao, ulitoa mtu aliyekuwa amepiga mara nyingi kuliko wote hadi wakati wake na mtu aliyepiga mbali mara nyingi kuliko wote, tena waliozaliwa mwaka mmoja.

Na ile hoja ya alumini? Kwa bahati, historia iliwapa nafasi ya kuijibu wakiwa bado uwanjani. Kuanzia msimu wa 1999 na 2000 Wakuba walirudi kwenye mbao. Kindelán alikuwa amekwisha kutimiza miaka 35, umri ambao wengi hutundika viatu. Santiago walikuwa wametwaa ubingwa mwaka 1999 kwa alumini; wakautwaa tena mwaka 2000 kwa mbao, na mwaka 2001 kwa mbao pia. Katika Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, ambako wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa kwa mara ya kwanza, mrushaji kijana Ben Sheets aliwafunga midomo Wakuba, na Marekani ikashinda fainali 4 kwa 0. Kindelán akarudi na fedha badala ya dhahabu. Sioni aibu katika medali hiyo. Mtu anayeshindwa na kijana mwenye kipawa mwishoni mwa safari yake ameshindwa kwa utaratibu wa kawaida wa dunia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliwaruhusu yeye na Pacheco kwenda Japani kuichezea timu ya kampuni ya Shidax. Linares alikwenda Chunichi Dragons. Walikuwa wameruhusiwa kutoka wakati miguu imekwisha kuchoka. Kocha wa Shidax alikuwa Katsuya Nomura, mzee aliyekuwa mdakaji kama Kindelán alivyoanza, na aliyepiga mapigo 657 ya kuvuka ukuta katika ligi ya Japani. Ninapenda kuwafikiria watu hawa wawili wakiwa benchi moja, hawana lugha ya pamoja, lakini kila mmoja akijua kwa uhakika kile ambacho mwenzake amefanya.

Hapa ndipo ninapoona kosa la ule mfumo, na ni haki kulitaja. Nchi ilisema kwamba mwanamichezo anacheza kwa heshima ya watu wake, nayo ni kauli njema. Lakini uaminifu usio na njia ya pili ni vigumu kuupima, kama vile huwezi kusifu uvumilivu wa ng'ombe aliyefungwa kamba. Kindelán alipata sifa ya kubaki kwa sababu alikuwa na njia ya hatari ya kuondoka na hakuitumia. Ingekuwaje kama angeruhusiwa kwenda Atlanta kwa miaka mitano akiwa na umri wa miaka 25, kisha arudi nyumbani na mbinu mpya kuwafundisha vijana? Serikali yenyewe ilikuja kulikubali jambo hili mwaka 2013, iliporuhusu wachezaji kusaini mikataba nchi za nje. Mwishoni mwa mwaka 2018 ligi kuu ya Marekani na shirikisho la Kuba walitia saini makubaliano ya kuwaruhusu wachezaji kuvuka kihalali. Miezi michache baadaye, Aprili 2019, serikali ya Marekani ikayafuta. Kwa hiyo tusiulaumu upande mmoja tu. Kufuli la mlango ule lilikuwa na funguo mbili, na kila mmoja alikaa na wake.

Walioondoka nao, siwezi kuwaita wasaliti. José Abreu alitoka mwaka 2013, na mwaka uliofuata akateuliwa mchezaji mpya bora wa ligi yake huko Marekani. Alikuwa na familia ya kulisha na kipawa kisichodumu milele. Pacheco mwenyewe, nahodha yule yule wa Santiago, baada ya kuiongoza timu yake kutwaa ubingwa akiwa kocha, alihamia Florida. Sidhani kwamba mapigo yake 2,356 yalipungua hata moja siku alipovuka bahari.

Mwaka 2014 Wakuba walifanya jambo ambalo mimi naliona la busara kuliko hotuba nyingi. Walilifufua Jumba lao la Heshima la besiboli, lililokuwa limelala tangu enzi ya mapinduzi. Katika majina ya kwanza waliyoyachagua waliwaweka pamoja wale waliojipatia sifa Marekani, kama Minnie Miñoso na Camilo Pascual, na wale ambao hawakutoka, kama Linares na Kindelán. Kwa zaidi ya miaka 50 makundi haya mawili yalikuwa yakitajwa kama maadui, au la kwanza halikutajwa kabisa. Sasa yaliandikwa katika ukurasa mmoja.

Nikirudi kwenye swali langu la vipimo, jibu ninaloweza kulitetea ni hili. Mtu na apimwe kwa kazi aliyopewa na mahali alipopewa. Kindelán hakupewa viwanja vya New York. Alipewa Santiago, michezo michache, na rungu la wakati wake. Alichopewa alikijaza mpaka kikafurika, na walipombadilishia rungu akaendelea kujaza. Hiyo yatosha kumwita mkubwa, bila kumshusha Aaron na bila kumtukana aliyepanda mashua.

Lakini kwetu sisi ambao tumewahi kuwa wakuu wa kitu chochote, liwe darasa, chuo au nchi, lipo la kuongeza. Ni rahisi kuwapongeza waliobaki, kwa kuwa pongezi hazina gharama. Tukitaka watu wabaki, kubaki kusiwe adhabu. Mwalimu wa ng'ambo ya mto apate chaki, nyumba isiyovuja, na mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Mpigaji naye apate malipo yanayolingana na jasho lake, na ruhusa ya kwenda na kurudi. Hapo ndipo tutakapojua kwa hakika nani amebaki kwa kupenda. Nina imani kwamba tutashangaa kuwaona ni wengi, maana binadamu hupenda kwao kuliko serikali zinavyodhani.

Rekodi ya mapigo 487 bado imesimama. Mwaka mmoja mmoja imekaribiwa kwa namna yake. Alfredo Despaigne alipiga 36 katika msimu wa 2011 na 2012. Lakini vijana wenye nguvu za namna hiyo sasa huondoka mapema, kwa njia halali au isiyo halali, na kuipita 487 kunahitaji mtu atakayekaa misimu 20 katika mkoa wake. Kwa hiyo huenda namba ile ikabaki milele, si kwa kuwa mikono ya Wakuba imelegea, bali kwa kuwa maisha ya aina ile hayapo tena. Atakayeisoma miaka 50 ijayo ataona mapigo. Mimi naona humo pia asubuhi nyingi za mtu mmoja akifungua mlango wa uwanja ule ule.